Mcheza gofu anayeanza: jiwekee malengo yanayotoka kwenye kadi yako

Muulize mtu aliyeanza gofu miezi michache iliyopita anataka nini, na mara nyingi atakujibu moja kati ya mawili: "Nataka kupiga mbali" au "Nataka kushuka chini ya mia," yaani kumaliza mashimo 18 kwa mikwaju isiyofika mia. Ni matamanio mazuri, lakini hakuna hata moja linalomwambia afanye nini Jumamosi asubuhi akifika renji, pale pa kufanyia mazoezi ya kupiga, na ndoo yake ya mipira. Ndiyo maana wengi huishika draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, wakapiga mpaka ndoo ikaisha, wakarudi nyumbani mgongo unauma, na wiki inayofuata kadi ya mikwaju ikasoma vilevile.

Mwongozo huu nimeuandika nikiamini jambo moja: anayeanza hahitaji kutafuta mikwaju mipya ya ajabu. Anahitaji kujua ni mikwaju gani anaipoteza bure, aihesabu, kisha aipunguze. Lengo likitoka hapo, linakuwa na mwanzo, lina kipimo, na unajua cha kufanya mazoezini.

Hatua ya kwanza: jua ulipo

Kabla ya kuweka lengo lolote, cheza raundi tatu za mashimo 18, au sita za mashimo tisa kama muda ni mgumu. Ikiwezekana ziwe kwenye uwanja mmoja. Hesabu kila kitu. Ukizungusha fimbo kwa nia ya kupiga na mpira ukabaki pale pale, huo ni mkwaju. Mpira ukipotea au ukatoka nje ya mipaka, kanuni inakurudisha ulikopigia na kukuongezea mkwaju mmoja wa adhabu. Kwa hiyo aliyepoteza mpira kutoka kwenye tii, yaani pale pa kuanzia shimo, mpira anaopiga tena hapo ni mkwaju wa tatu. Baadhi ya klabu zina kanuni ya ndani inayokuruhusu kudondosha mpira karibu na ulipopotelea kwa adhabu ya mikwaju miwili badala ya kurudi nyuma. Uliza ofisini kabla ya kuanza, kwa sababu hilo linabadilisha hesabu yako na pia mwendo wa wanaokufuata.

Katika raundi hizi usirudie mkwaju wa kwanza eti mwili ulikuwa haujachangamka. Mkiwa mnacheza kwa kujifurahisha, rudieni mtakavyo. Hapa unapima, na kipimo kikipindishwa, kila lengo litakalotoka humo litakuwa limepinda.

Pamoja na jumla ya mikwaju, andika vitu vinne kwa kila shimo kwenye kadi au kwenye kijidaftari cha mfukoni. Cha kwanza ni mipira iliyopotea na adhabu nyingine, kama ile iliyoingia majini. Cha pili ni puti ngapi, yaani mikwaju ya kuviringisha mpira kuelekea shimoni, ulipiga ulipofika kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi kabisa yenye shimo. Cha tatu, mikwaju uliyokusudia iruke lakini ikaviringika chini mita chache. Cha nne, mikwaju ya ndani ya mita 30 kutoka kwenye grini iliyoshindwa kutua juu ya grini, ama kwa kubaki fupi au kwa kuruka ikaangukia ng'ambo. Alama ndogo zinatosha: herufi moja kwa kila kosa. Ukianza kuandika maelezo marefu utachelewesha kundi zima na utaacha zoezi kabla ya shimo la tano.

Ukiwa na kedi, yaani mbeba mfuko wako wa fimbo, mwambie unachofanya. Makedi wa viwanja vyetu wameona swingi (mizunguko ya fimbo) nyingi kuliko walimu wengi, na wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Tanzania walianzia kwenye kubeba mifuko. Kedi atakumbuka kile ambacho wewe umeshakisahau: kwamba kila mpira uliopotea ulikwenda kulia, au kwamba puti zako za mbali zote zinabaki fupi. Mwisho wa raundi muulize swali moja tu, "Bwana, leo mikwaju yangu imeenda wapi?", kisha unyamaze umsikilize.

Sasa soma kadi. Tuseme mtu amepiga 121. Amepoteza mipira mitano, na kila mmoja umemgharimu kama mikwaju miwili: hiyo ni 10. Ametumia puti tatu badala ya mbili kwenye mashimo manane, yaani mikwaju minane ya ziada. Mikwaju tisa imeviringika chini. Saba ya karibu na grini haikufika. Jumla ni 34. Hakuna anayeanza atakayeifuta yote, lakini akiipunguza nusu tu, 121 inakuwa 104, na hajapiga mpira hata mmoja mbali zaidi ya alivyokuwa akipiga mwanzo. Mimi nikiiona hesabu hii kwenye kadi ya mtu, huwa namwomba aisome tena taratibu, kwa sababu ndiyo inayoamua atafanya nini mwaka mzima.

Hatua ya pili: jipangie pari yako

Pari ya uwanja, kwa kawaida 72 au karibu na hapo, ni hesabu ya mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji stadi. Anayeanza akijipima nayo atahesabu kushindwa mara 18 kwa siku. Kwa hiyo andika pari yako mwenyewe juu ya kadi: kila shimo ongeza mikwaju miwili. Shimo la pari 3 kwako ni la 5, la pari 4 ni la 6, la pari 5 ni la 7. Uwanja wa 72 unakuwa wa 108.

Angalia hilo linavyobadilisha mchezo. Chukua shimo la pari 4 lenye mita 380. Kwa hesabu ya uwanja unatakiwa ufike kwenye grini kwa mikwaju miwili, na hapo ndipo watu wanapoiona draiva kama wokovu. Kwa pari yako una mikwaju minne ya kufika na miwili ya kuputi. Mikwaju minne kwa mita 380 ni mita 95 kila mmoja. Chuma namba 7, fimbo ya umbali wa kati, kikipigwa kwa utulivu kinafika huko kwa watu wengi, na wengine watafika hata kwa namba 9, ya umbali mfupi zaidi. Ghafla lile banka la mchanga lililo mita 180 si lako tena, maana hulipigii. Ule mti wa kona unaupita kwa ubavu.

Ukilimudu hilo, malengo ya jumla yanapangika yenyewe. Hatua ya kwanza ni kumaliza uwanja kwa 108. Ya pili ni kushuka chini ya 100, na hii haihitaji muujiza: mashimo tisa kwa mkwaju mmoja juu ya pari na tisa kwa miwili juu yake, jumla 99. Hakuna pari hata moja humo. Ya tatu ni 90, yaani mkwaju mmoja juu ya pari kila shimo, nayo huwachukua wengi miaka. Wengine hucheza gofu maisha yao yote kwa furaha bila kuifikia.

Hatua ya tatu: chagua malengo mawili, si saba

Hapa ndipo walio wengi hujiharibia. Wanaandika orodha: draiva, banka, puti, chipu (mikwaju mifupi ya karibu na grini), nguvu za mwili, uvumilivu. Baada ya wiki mbili hakuna kilichofanyika. Chukua mawili.

Lengo moja liwe la matokeo, la muda mrefu, kama miezi sita: "Nimalize raundi kwa 108 au pungufu kabla ya masika." Hili halina cha kufanya kila siku, liko mbele yako tu likikuonyesha njia.

Lengo la pili liwe la kitendo, la wiki nne hadi sita, na litoke kwenye ile safu yako mbaya kuliko zote. Kama safu ya puti ndiyo inayokula mikwaju mingi, lengo liwe hivi: "Mashimo yenye puti tatu yapungue kutoka manane hadi manne." Kama ni mipira iliyopotea: "Nimalize raundi na mipira miwili tu iliyopotea." Unaona tofauti? Lengo la kitendo unaweza kulifikia hata siku ambayo jumla yako ni mbaya. Siku ya upepo mkali kule Nyali, Mombasa, unaweza kupiga 125 na bado ukawa umetimiza ulichokusudia, ukaondoka uwanjani ukijua umepanda.

Lengo la kupiga mbali nisingelipa nafasi mwaka wa kwanza. Nalisema hili nikijua kwamba kwa wachezaji wa juu umbali una uzito mkubwa sana. Takwimu za wachezaji wa kulipwa zimeonyesha hivyo waziwazi. Ila wao mpira wao tayari unakwenda wanakouelekeza. Anayeanza akiongeza nguvu kwenye swingi isiyotulia anaongeza mita za kuingia porini.

Hatua ya nne: geuza lengo kuwa zoezi lenye alama

Lengo la kitendo bila zoezi linabaki maneno. Na zoezi bila alama ni kupoteza muda tu: ukipiga mipira mia bila kujua mingapi ilifaulu, hujui kama umepiga hatua. Yafuatayo ni mazoezi niliyoyaona yakiwafaa wengi. Chukua linalohusu lengo lako na uyaache mengine.

Kama tatizo ni puti. Puti tatu mara nyingi huletwa na ile ya kwanza kuwa fupi mno au ndefu mno, wala si kwa kupotea mwelekeo. Kwa hiyo fanyia mazoezi kasi. Kwenye grini ya mazoezi, tembea hatua tano kutoka kwenye shimo, kisha kumi, kisha kumi na tano. Piga mipira mitatu kila mahali. Mpira unaosimama ndani ya urefu wa puta yako (fimbo ya kuputia) kutoka kwenye shimo, hesabu alama moja. Jumla ni tisa. Ukifika sita kwa siku tatu mfululizo za mazoezi, uwanjani utaiona tofauti bila kuambiwa. Halafu maliza kwa puti fupi za hatua moja, kumi mfululizo. Ukikosa, anza upya.

Pia ujue nini cha kutarajia. Wachezaji wa kulipwa wa daraja la juu duniani, kutoka mita mbili na nusu hivi, huingiza takriban nusu tu ya puti zao. Nusu! Anayeanza anayekasirika kwa kukosa puti ya mita tatu anajidai deni ambalo hata mabingwa hawalilipi. Lengo lako kutoka hapo ni kuuacha mpira karibu, basi.

Usiku ukiwa nyumbani, zulia au sakafu ya saruji inatosha kufundisha mikono kuelekeza uso wa puta sawa. Weka sarafu umbali wa hatua mbili, pitisha mpira juu yake. Kasi ya sakafu si ya grini, kwa hiyo hapo fundisha mwelekeo peke yake.

Kama tatizo ni karibu na grini. Chagua fimbo moja, tuseme chuma namba 8 au 9, na mkwaju mmoja: mpira urushwe chini chini, utue pembezoni mwa grini, kisha uviringike kuelekea shimoni. Mikwaju ya juu ya weji (fimbo ya kunyanyulia mpira) iliyofunguliwa uso inapendeza kwenye televisheni lakini inahitaji mguso ambao huja baadaye. Simama mita 15 hadi 20 kutoka kwenye grini, piga mipira kumi, hesabu mingapi imebaki juu ya grini. Haijalishi iko mbali na shimo kiasi gani. Anayeanza hufika minne au mitano. Lengo ni saba.

Kwenye viwanja vya nyanda za juu za Kenya, nyasi ni zile za kikuyu, nene na zenye kushika. Zinaubeba mpira juu vizuri kwenye fewei, ile njia ya nyasi zilizokatwa kati ya tii na grini, lakini pembeni ya grini hukamata kichwa cha fimbo na kukusimamisha katikati. Ukipiga mpira unaoviringika kupita kwenye nyasi hizo, utafia njiani. Hapo utue mpira kwenye grini yenyewe, au kama nyasi zimekatwa fupi kabisa, tumia puta ukiwa nje ya grini. Puti mbaya kutoka nje mara nyingi huwa karibu kuliko chipu mbaya, na si aibu hata kidogo.

Kama tatizo ni mipira iliyopotea. Rudi renji, chagua nguzo mbili au miti miwili iliyoachana kama mita 30. Hiyo ndiyo fewei yako. Piga mipira kumi kwa fimbo ile ile unayotaka kuanzia nayo uwanjani. Ikipita saba kati ya nguzo, fimbo hiyo ina ruhusa ya kutoka kwenye mfuko ukiwa kwenye tii. Isipofika saba, shuka fimbo moja fupi na ujaribu tena. Draiva nayo ifanyiwe mtihani huo huo, isipendelewe. Wapo watakaogundua kwamba kwa miezi mitatu watacheza kwa haibridi (fimbo fupi kuliko draiva) au chuma namba 6 kutoka kwenye tii, na kadi zao zitawashukuru.

Kama tatizo ni mipira inayoviringika chini. Hapa nakushauri usijitibu mwenyewe. Sababu zake ni nyingi: kunyanyuka kifua, uzito kubaki mguu wa nyuma, mpira kuwekwa mahali pasipofaa, mikono kujikunja kwa kutaka kuunyanyua mpira. Mtu wa nje anaiona kwa dakika tano. Masomo matatu kwa mwalimu wa klabu, yaliyoachana wiki mbili mbili ili upate nafasi ya kufanyia kazi ulichoambiwa, yana thamani kuliko draiva mpya. Baina ya masomo, zoezi ni dogo: nusu swingi kwa chuma namba 9, ukilenga kugusa nyasi mbele ya mahali ulipokuwa mpira. Kumi kwa kumi, taratibu.

Hatua ya tano: jua umbali wa fimbo zako hapo unapochezea

Kanuni zinaruhusu fimbo 14. Kwa sasa saba zinatosha: moja ya kuanzia kwenye tii, chuma namba 6, 7 na 9, weji ya kawaida, weji ya mchanga, na puta. Kwa kila moja andika umbali wa kawaida, si ule mkwaju mmoja wa ndoto. Piga mipira kumi, toa miwili ya mbali zaidi na miwili mifupi zaidi, chukua wastani wa sita iliyobaki.

Usisahau mahali. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake nyepesi hubeba mpira mbali kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Mtu wa Nairobi anayeshuka pwani na vipimo vyake vya nyumbani atajikuta anabaki fupi kila shimo na kuilaumu swingi, wakati swingi haina kosa. Pia hakikisha kama alama za uwanja ni za mita au za yadi: yadi 150 ni mita 137 tu, na tofauti hiyo ni fimbo nzima au zaidi.

Hatua ya sita: panga wiki kulingana na maisha yako halisi

Gofu ina gharama: ada ya uwanja, kedi, ndoo za mipira, nauli. Si kila mtu ni mwanachama wa klabu. Nairobi kuna Golf Park, ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, ambapo asiye mwanachama anaweza kulipia na kucheza. Kwingineko, klabu nyingi hupokea wageni wanaolipia kwa siku, na siku za katikati ya wiki mara nyingi bei huwa nafuu. Piga simu kabla ya kwenda, uulize na mavazi yanayokubalika.

Kama una saa mbili tu kwa wiki, zigawe hivi: saa nzima kwa lengo lako la kitendo, nusu saa kwa puti hata kama si lengo lako, na nusu saa ya mwisho piga unachotaka, draiva ikiwemo, kwa sababu mtu asiyefurahia mchezo hatadumu nao. Ukipata saa moja tu, fanya lengo na puti. Grini ya mazoezi haidai ndoo ya mipira, kwa hiyo hata mwezi wa pesa ngumu kazi inaendelea.

Usipange raundi nyingi kuliko mazoezi katika miezi mitatu ya kwanza, lakini pia usijifungie renji. Renji ni tambarare. Uwanja una mteremko, mizizi, upepo na watu wanaokutazama. Raundi moja kila wiki mbili inatosha kupima kama zoezi limehama kutoka kwenye mkeka hadi kwenye nyasi.

Lengo moja lisiloandikwa kwenye kadi

Kuna lengo ambalo ningemtaka kila anayeanza alichukue juu ya yale mawili: kucheza bila kuchelewesha wengine. Wenye kiwango cha juu hawajali ukipiga 120. Wanajali ukisimama dakika nzima juu ya kila mpira. Kanuni zinapendekeza mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 tangu zamu yako ifike, na tangu 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu, si tano. Beba mipira miwili mfukoni. Chagua fimbo wakati mwenzako anapiga. Ukifikisha mikwaju mitano juu ya pari kwenye shimo na mpira bado haujaingia, na hamko kwenye shindano linalodai kumaliza kila shimo, okota mpira uende mbele. Sawazisha mchanga wa banka ulilotoka, rekebisha alama ya mpira wako kwenye grini. Anayefanya haya hualikwa tena, na anayealikwa tena na walio bora kuliko yeye hujifunza haraka.

Hatua ya saba: ingia kwenye handikapu mapema

Watu wengi huogopa kuomba handikapu, ile hesabu ya mikwaju ya msaada anayopewa mchezaji kulingana na kiwango chake, wakidhani lazima kwanza wawe wazuri. Kinyume chake. Mfumo wa dunia ulioanza kutumika 2020 unakwenda hadi 54.0, wanaume na wanawake, yaani mikwaju mitatu ya msaada kwa kila shimo, na umewekwa hivyo ili anayeanza apate nafasi. Unahitaji kadi zenye jumla ya mashimo 54, kwa mfano raundi tatu za 18, zilizochezwa kwa kanuni na kusainiwa na mwenzako aliyekuwa nawe. Mpelekee katibu wa klabu au wa kamati ya handikapu, atakuelekeza jinsi ya kusajiliwa.

Hesabu yake inafaa kuijua, maana inakuonyesha maendeleo vizuri kuliko jumla tupu. Kila uwanja una namba mbili: kiwango cha uwanja, ambacho ni mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji stadi, na kiwango cha ugumu kwa mchezaji wa kawaida, ambacho kwa uwanja wa wastani ni 113. Toa kiwango cha uwanja kwenye mikwaju yako, zidisha kwa 113, gawanya kwa kiwango cha ugumu. Tuseme umepiga 110 kwenye uwanja wa 71.0 na ugumu wa 125: 39 mara 113 gawanya kwa 125 ni 35.3. Kadi zako nyingine mbili zikiwa 38.0 na 40.1, inachukuliwa iliyo ndogo zaidi na kupunguzwa 2.0. Handikapu yako ya kwanza ni 33.3.

Ukiipeleka kwenye uwanja huohuo wenye pari 72, ikirekebishwa kwa pari hiyo na zile namba mbili za uwanja, inageuka kuwa mikwaju 36. Miwili kwa kila shimo: ndiyo ileile pari uliyojipangia kwenye hatua ya pili. Sasa unaweza kuingia shindano la alama la Jumamosi, lile la Stableford, linalohesabu alama za kila shimo badala ya jumla ya mikwaju, ambako kwa handikapu hiyo mikwaju miwili juu ya pari inakupa alama mbili kamili na shimo moja bovu halikuharibii siku. Kwa anayeanza sijui mchezo wa mashindano ulio bora kuliko huo.

Kadri unavyoongeza kadi, mfumo hutazama raundi zako 20 za karibuni na kuchukua wastani wa nane bora. Maana yake ni kwamba siku mbaya hazikuui, ila pia siku moja nzuri haikupandishi peke yake. Lengo la handikapu lipewe mwaka, si mwezi. Kushuka kutoka 33 hadi 26 au 27 kwa mwaka, kwa mtu mwenye kazi na familia, ni maendeleo ya kujivunia.

Kupitia upya: kila baada ya raundi tano

Kaa chini na kadi tano za mwisho. Usitazame jumla kwanza. Tazama safu ya lengo lako la kitendo. Kama imeshuka hadi ulipotaka kwa raundi tatu kati ya tano, limetimia. Chukua safu mbaya inayofuata. Lile la zamani libakizie dakika kumi kwa wiki ili lisirudi.

Kama halijashuka, jiulize maswali kwa utaratibu huu. Je, zoezi lilifanyika kweli? Mara nyingi jibu liko hapo. Je, alama za mazoezini zilipanda lakini za uwanjani hazikupanda? Basi tatizo liko kwenye kuhamisha: fanya mazoezi ukibadilisha mahali na fimbo kila mpira, mpira mmoja mmoja, kama unavyocheza uwanjani. Je, hata alama za mazoezini hazikupanda kwa wiki sita? Hilo si suala la bidii tena. Ni la ufundi, na linahitaji jicho la mwalimu.

Zingatia na majira. Wakati wa masika mpira hautembei ukitua, uwanja unakuwa mrefu, na kadi zitapanda mikwaju kadhaa bila kosa lako. Wakati wa kiangazi mpira unaviringika mbali, lakini grini hugeuka ngumu na kasi. Linganisha masika na masika. Kama lengo lako la miezi sita linaangukia katikati ya mvua, lisogeze mbele mwezi mmoja kuliko kulipunguza.

Na unapokwenda kwa huyo mwalimu, usiende na maneno "swingi yangu imeharibika." Mpelekee kadi tano na zile safu nne, mwambie: "Napoteza mipira mitatu kila raundi, yote kulia, na mara nyingi ni kwenye mashimo marefu." Atakuwa ameshajua pa kuanzia kabla hujatoa fimbo kwenye mfuko, na saa uliyoilipia yote itakwenda kwenye kazi.